Mbilia Huhesabiwa Peke Yake

Bukavu, Muhungu
Jumapili, 11 Mei 2025

Ndugu yangu Vénuste,

Barua hii Maman Odette ameibeba ndani ya nguo, karibu na ngozi, si kwenye ile ndoo yake ya sambaza anayovuka nayo kwenda kuuza sokoni Kamembe. Ukishaisoma ichome. Zitakazofuata zitapita ndani ya ndoo, zitanuka samaki, na yeyote kwenye barrière, pale wanapokagua watu, anaweza kuzifungua. Kwa hiyo humo utaniona nazungumza santuri tu, kama wazee wawili wasio na kazi. Simu usinitafute. Wenye bunduki waliichukua, na hata ningebaki nayo nisingeitumia, maana simu za siku hizi zina masikio kuliko midomo.

Nina hofu, Vénuste. Nimeandika neno hilo mara tatu nikalifuta, sasa liache likae.

Unajua mwanangu Elikia hakukimbia mwezi wa pili, risasi zilipofika mjini. Alibaki kwenye kituo cha afya pale mlimani, akashona kila aliyeletwa, mwenye sare na asiye na sare. Sasa kuna watu wenye bunduki wanauliza ni muuguzi gani alimshona mtu fulani. Mtu huyo ni nani, hata binti yako wa ubatizo hajui, maana damu haiulizwi jina. Wenzake wawili wameitwa kuhojiwa. Mmoja amerudi, haongei. Mwingine hajarudi.

Nikimwambia avuke aje kwako, ananijibu: "Papa, tukienda tunaenda bote." Na mimi siwezi kuondoka. Nyumba ikibaki tupu asubuhi, jioni ina mwenyewe mwingine. Tena wakikuta tumehama wote watajua amevuka, wataanza kumtafuta huko huko. Mimi nikikaa, watangoja hapa hapa.

Sasa kumbuka daraja la mpakani, mwaka wa tisini na tano, siku ulipokuwa unarudi kwenu Rwanda na sufuria mbili na godoro. Ulinikabidhi santuri zako zote za Rochereau nizichanganye na zangu za Franco, ukasema rafu iwe moja, tutaendelea kubishana hata mto ukiwa katikati. Tukaapa: siku mmoja wetu atakapokubali kushindwa, mwenzake ajue amepatwa na jambo, aje bila kuuliza. Tulikuwa tunacheka. Mimi leo sicheki.

Maadamu nakuandikia kwamba Franco anaongoza, tupo salama. Siku utakayosoma kwamba Rochereau amempita Franco kwenye rafu yangu, jifanye mgonjwa siku hiyo hiyo. Mwite Elikia aje akuuguze. Kwa usalama wake mwenyewe hataniacha, lakini kwa Parrain, baba yake wa ubatizo, aliye mgonjwa, asiye na mke wala mtoto wa karibu, hatakataa. Yeye asijue lolote.

Na usinidanganye kwenye hesabu. Kanuni ni ile ile: Mbilia Bel huhesabiwa peke yake, hata kama kwenye santuri zake pameandikwa orkestra ya Rochereau. Usije ukaniongezea zake ili ushinde.

Ndugu yako,
Muderhwa

*

Gihundwe
Jumatano, 14 Mei 2025

Muderhwa, mzee wa Franco,

Barua yako nimeipata na nimeichoma kama ulivyosema. Majivu nimeyamwaga kwenye migomba. Na hii, kama zote zenye siri, Odette ataibeba ndani ya nguo.

Nimekubali yote. Kuugua si kazi ngumu kwangu, nyonga inauma tangu Patricie wangu afariki, nitaongeza kikohozi tu. Lakini nikuulize, kwa nini ningoje? Niugue leo! Kila asubuhi nasimama nyuma ya nyumba nikitazama mabati ya Bukavu ng'ambo ya ziwa, natafuta bati lako kama mtu anayetafuta mbuzi wake kwenye kundi la wengine. Nikiona moshi mlimani, chai inanishinda kunywa. Majirani wananiuliza, "Mzee, unatazama nini kule?" Nasema natazama mvua.

Ningevuka mwenyewe, unajua. Lakini Mnyarwanda akionekana anaingia kwako siku kama hizi, wewe ndiye utakayeulizwa baada yangu. Kwa mwoga huenda kicheko, walisema wahenga. Mimi nimekaa kwa mwoga, na kicheko sikioni.

Kuhusu Mbilia, sijawahi kuiba hata moja. Lakini siku ya hukumu utaulizwa kwa nini ulimtenga mwanamke na kaka zake wa muziki.

Wako,
Vénuste

*

Bukavu
Jumapili, 25 Mei 2025

Kwa Vénuste wa Gihundwe, salamu za amani.

Huku hatujambo. Nimepata muda wa kupanga rafu, na matokeo hayatakufurahisha. Franco 64. Rochereau 49. Mbilia, peke yake, 17. Halafu Zaïko 19, Docteur Nico 9, Mbaraka Mwinshehe 4, Simba Wanyika 3, na zile mbili za kwaya ambazo hatujui zilifikaje. Nyingi ni za quarante-cinq, zile ndogo; za trente-trois, zile kubwa, ni chache. Ukiuliza nani anatawala nyumba hii, jibu unalo.

Tulipata wageni Alhamisi, vijana wawili wanaoandikisha watu wa mtaa. Ilikuwa saa saba mchana, bugali iko mezani. Nilikuwa nimeweka santuri kwenye tourne-disque, kwa hiyo mazungumzo yalianzia hapo. Mmoja, mwenye daftari, akaniuliza: "Mzee, humu munaishi batu ngapi?"

Nikasema, "Niko na mutoto wangu mwanamuke, Elikia, anafanya kazi mu village siku hizi. Bengine ni hawa," nikamwonyesha rafu, "Franco na Rochereau."

"Hao bako wapi?"

"Banasafiri. Banaimba."

Akaandika. Vénuste, kijana aliandika! Franco, mstari, Rochereau, mstari. Elikia alikuwa jikoni nyuma ya pazia, hakukohoa hata mara moja. Walipoondoka alitoka akacheka mpaka akakaa chini, halafu nikaona hacheki tena.

Daftari lina jina lake sasa, pamoja na majina ya hao wengine. Ni utaratibu wa kawaida, wanasema.

Franco anaongoza, nimekwisha kusema.

Muderhwa

*

Bukavu
Jumanne, 3 Juni 2025

Parrain mpendwa,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Papa hawezi kushika kalamu kwa sasa. Jumamosi nilirudi kutoka zamu nikamkuta amekaa kwenye kiti chake, mkono wa kuume umefungwa kitambaa cha meza. Anasema mlango wa kabati ulimbana. Vidole vitatu, Parrain. Nimefunga vidole vingi mwaka huu na milango naijua. Nikamwuliza, akaniambia nichemshe maji ya chai.

Fundi wa redio bila mkono wa kuume ni mtu wa kuhurumiwa. Anakaa tu. Homa ilimpata jana, akalala mchana kutwa, mimi nikabaki kumpangusa vumbi santuri zake ili nisisikilize kila hatua inayopita barabarani. Ndiyo nikasema ngoja nimalize ugomvi wenu. Nimehesabu moja moja, nikisoma kila karatasi ya katikati. Nisikilize vizuri: Rochereau 66, Franco 64!

Nimerudia mara mbili. Rochereau amempita Franco. Sijamwambia Papa bado, nisimzidishie homa. Nakwambia wewe kwanza ufurahi, maana furaha imekuwa adimu.

Kituoni tumebaki wanne. Usiku silali sana lakini usijali, ni kazi tu.

Binti yako wa ubatizo,
Elikia

*

Gihundwe
Jumatano, 4 Juni 2025

Elikia mwanangu,

Nakuandikia nikiwa kitandani. Ilianza jana jioni, kifua kimebana, kichwa kinazunguka, na mguu wa kushoto nauona kama si wangu. Sina wa kunipa hata maji. Mwanangu Manzi yuko Kigali, anasema hawezi kupata ruhusa mpaka mwisho wa mwezi. Hospitali siendi, kule ndiko Patricie alikoingia akitembea.

Njoo, mwanangu. Njoo kesho na Maman Odette, uvuke naye kama mtu anayekwenda sokoni Kamembe. Usibebe begi. Papa ana mkono mmoja mzima na jirani wa kumpikia, mimi sina hata hicho. Ni siku mbili tatu tu, utanipima, utarudi.

Sijawahi kukuomba kitu tangu nilipokushika juu ya maji ya ubatizo. Leo nakuomba.

Parrain wako,
Vénuste

*

Gihundwe
Jumapili ya Pentekoste, 8 Juni 2025

Muderhwa,

Amefika. Alhamisi saa nne na nusu aliingia uani na ndoo ya Odette mkononi, kitambaa kichwani, kama muuza sambaza wa Nkanka. Mimi nilikuwa nimejifunika mablanketi mawili, nimepaka maji usoni. Unajua ni kazi gani kumdanganya muuguzi? Alinitazama, akatoa kwenye ndoo kile kipimo chake cha presha, akanifunga mkono. Kumi na tisa kwa kumi na moja.

"Parrain," akasema, "kweli uko mugonjwa."

Basi nilichokianza kwa uongo kimekuwa kweli, na sasa ananikataza chumvi. Hofu haina mchezo.

Lakini nijibu jambo moja, maana haliniachi. Aliandika Rochereau 66. Wewe ulikuwa umeniandikia 49. Mimi si fundi redio lakini arobaini na tisa ukijumlisha na kumi na saba za Mbilia unapata sitini na sita. Nililiona hilo dakika ile ile nilipoisoma. Nikajiambia, huyu mtoto amesoma jina la orkestra kwenye karatasi, hajui kanuni yetu, hii ni hesabu yake tu. Halafu nikajiambia, na kama ni Muderhwa aliyemwelekeza ahesabu, kwa kuwa mkono wake umevunjwa? Nilizunguka meza mara sijui ngapi na ile barua. Mwishoni nikasema, nikikosea nikamwita bure, nitaaibika. Nikikosea nisimwite, sitaaibika, nitakufa.

Je, wewe ulisema, au hukusema?

Na mkono wako, usiniambie kabati.

Vénuste

*

Bukavu
Jumatano, 11 Juni 2025

Ndugu yangu,

Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, usinicheke. Odette ameuweka kwenye nguo.

Sikusema. Nilikuwa nimelala na homa. Nilipoamka Elikia alikuwa ameshapeleka barua kwa Odette, na kesho yake jioni jibu lako likaja kwamba unakufa. Nililia, Vénuste. Nilidhani ni kweli. Nikamsukuma mwenyewe aondoke, nikamwambia kimbia kwa Parrain wako. Mpaka juzi niliposoma ya kwako nilikuwa nakuombea rozari mbili kwa siku. Nirudishie sala zangu.

Kwa hiyo aliyemtoa mwanangu humu si mimi wala si wewe, ni Mbilia, aliyehesabiwa mahali pasipo pake.

Sasa sikiliza. Elikia alivuka Alhamisi. Ijumaa, saa tatu asubuhi, walikuja watano. Yule wa daftari akasimama uani akaita majina kwa sauti: "Elikia! Franco! Rochereau!" Mungu anisamehe, kicheko kilinitoka. Nikalipwa kwa kicheko hicho, lakini si sana, usimwambie. Wakamwulizia muuguzi, "Infirmière iko wapi?" Nikasema yuko kijijini kwa shangazi yake, atarudi. Kila siku ya pili wanapita kuuliza kama amerudi. Mimi naweka sahani mbili mezani ili waone namngoja.

Ndiyo sababu sitoki. Wanamngoja hapa, na maadamu mimi nipo wataendelea kungoja hapa.

Mshike hapo. Mfunge kamba ukitaka. Mwambie mimi mzima, nakula, nasikiliza muziki. Nimehesabu upya, kwa kanuni: Franco anaongoza, 64 kwa 49. Rafu iko kama alivyoiacha.

Muderhwa

*

Gihundwe
Jumapili, 15 Juni 2025

Papa,

Leo nilikuwa natafuta vidonge vya Parrain kwenye Biblia ya marehemu Patricie, anakoficha kila kitu, nikakuta barua yako ya tarehe 11 Mei. Ile aliyokuambia ameichoma na kumwaga majivu kwenye migomba. Aliponiona nayo aliketi chini akasema, "Sikuweza kuuchoma mwandiko wake." Simlaumu. Ingekuwa mimi nisingeweza.

Nimezisoma zote, Papa. Na ya mkono wa kushoto.

Nilikasirika kwanza. Miaka ishirini na tisa ninayo, nimefunga mishipa ya watu gizani kwa mwanga wa simu, na wazee wangu wawili wamenivusha mpaka kama mtoto anayefichwa sindano. Nilitaka kukuandikia mabaya. Lakini mchana Maman Odette alipita kuchukua barua, nikamwomba akiingia kwako akuwekee ile niipendayo ya Docteur Nico, usikie kama mimi niko hapo. Akanitazama kwa huruma.

Akasema, "Mutoto, usiniulize mambo ya ile etajere ya santuri. Balibeba yote, ile Ijumaa. Hata mbao. Papa yako alinikataza kusema, sasa nimesema, Mungu ananisikia."

Rafu iko kama nilivyoiacha, umeandika. Sitini na nne kwa arobaini na tisa. Ulihesabu nini, Papa? Ulihesabu ukuta? Ulikaa mbele ya ukuta mtupu ukaniandikia hesabu ya Franco ili mimi nilale!

Najua kwa nini unakaa. Unajifanya mlango ili wao wabishe kwako. Sasa nisikilize mimi, kwa kuwa wote wawili mmeamua bila kuniuliza. Sitakaa huku nikimpima Parrain tension wakati wewe unaweka sahani mbili mezani. Sijui wanataka nini kwangu. Usiku nasikia jina langu likiitwa uani, na naogopa. Lakini naogopa zaidi ile sahani ya pili. Ukivuka kabla ya Jumatano, utanikuta. Usipovuka, Jumatano asubuhi nitapita daraja na Odette, nitaingia nyumbani, nitakaa mbele ya hiyo sahani.

Si kitisho. Mimi ni binti yako, unajua nilivyo.

Elikia

*

Gihundwe
Jumapili, 15 Juni 2025

Muderhwa,

Amekuandikia yake, ameifunga, hakunionyesha, lakini nimemwona usoni na nimemjua. Atarudi. Kamba uliyosema sina, na ningekuwa nayo angenifunga mimi.

Nimekaa tangu misa nikitafuta maneno ya kukuvuta. Ningekuambia nyumba ni matofali tu, unajua. Ningekuambia kwamba wakishachoka kumngoja binti watamchukua baba, nalo unajua. Wewe ni mtu wa kubishana, kila sababu nitakayoleta utaipindua kama santuri na kupiga upande wa pili. Basi sileti sababu.

Miaka arobaini na sita tumebishana. Tulianza pale kwenye duka la santuri, tukichangia santuri moja kwa sababu hatukuweza kununua mbili, tukagombana jioni ile ile ilale kwa nani. Nimekubishia nikiwa na malaria. Nimekubishia kwenye harusi yako mpaka bibi harusi akauliza kama amealikwa. Siku tuliyomzika Patricie ulivuka kuja kunishika mkono, ukaninong'oneza kaburini, "Lakini Franco bado ni mkubwa," na ndiyo siku pekee niliyopata pumzi. Hata siku hiyo sikukubali.

Leo naandika kwa mwandiko wangu, mbele ya msalaba wa ukutani, na Elikia hakuniambia niandike:

Franco ameshinda. Ni mkubwa kuliko Rochereau. Alikuwa mkubwa siku zote. Nimekubali kushindwa.

Unakumbuka tuliapa nini pale darajani.

Vénuste

*

Mpakani, Rusizi ya Kwanza, upande wetu
Jumanne, 17 Juni 2025, saa nne asubuhi

Vénuste,

Naandika kwa mkono wa kushoto juu ya karatasi ya ndani ya santuri, nimeegemea ukuta. Odette ana jeton yake, kibali cha wafanyabiashara, atapita mbele yangu, atakuletea.

Mwongo mkubwa wewe. Nimesoma jana ile barua nikasema, huyu anajifanya tena, ana afya ya punda. Nikaiweka chini. Nikaichukua tena. Wewe usingeandika maneno hayo kwa mchezo, hata ukiwa unakufa. Basi nimekuja bila kuuliza, kama tulivyoapa.

Nyumba nimeifunga kwa ufunguo kama mtu anayekwenda misa, sahani mbili nimeziacha mezani. Sina begi. Nina kofia, rozari, na chini ya koti santuri moja, quarante-cinq. Ilikuwa kwenye tourne-disque Ijumaa ile, chini ya kifuniko, hawakuiona. Ni ya Mbilia. Kwa hiyo hesabu ya leo, kwa kanuni: Franco sifuri, Rochereau sifuri, Mbilia moja, peke yake.

Mstari unakwenda polepole. Pale mbele kuna meza, na kwenye meza amekaa kijana na daftari. Ni yule yule. Anamwuliza kila mmoja jina, na sababu ya safari. Mbele yangu kuna watu sita.

Nimefikiria nitasema nini. Nitamwambia kweli: rafiki yangu wa miaka arobaini na sita amekubali kushindwa, nakwenda kumwona. Aliandika Franco na Rochereau bila kushangaa, labda na hili ataliandika.

Santuri nimeibana kwa kiwiko isidondoke. Watano sasa. Odette ananivuta karatasi.

Kutoka hapa naona mwisho wa daraja, upande wenu, pale kwenye nguzo iliyopakwa chokaa. Simameni hapo, wewe na Elikia, mahali ninapoweza kuwaona.

Muderhwa